Kuondoka kwa kishindo na gari linalovuta magurudumu yote manne, bwati ibaki nzima

Ukilikanyaga ghafla gari linalovuta mbele peke yake, tairi zinalia, moshi unatoka, hasara yako ni mpira. Kwenye Subaru WRX, Lancer Evolution au Caldina GT-FOUR mambo ni mengine. Magurudumu manne yameng'ang'ania lami kwa pamoja, hakuna linaloteleza, na ule mshtuko ambao ungeishia kwenye tairi unarudi ndani: unapita kwenye kardani, zile fimbo zinazozungusha magurudumu, difu ya nyuma na difu ya kati inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, hadi kwenye meno ya bwati ya vitesi, yaani giaboksi. Lazima kitu kiteleze. Usipochagua wewe kiteleze kipi, chuma kilicho dhaifu kuliko vyote kitachagua, nacho hakijui kuteleza, kinajua kukatika.

Kwa hiyo kazi yote ni kuifanya ambreyaji, au klachi kama wanavyoiita ndugu zetu wa Tanzania, iteleze kwa kipimo na kwa muda mfupi, ili vingine vyote vipone. Ambreyaji hubadilishwa kwa siku moja. Bwati ya Subaru ikivunjika hapa Lubumbashi, utasubiri ya okazi, iliyokwisha kutumika, kutoka Dubai au Dar es Salaam, na huijui ilikotolewa.

Jeep za mgodini zenye kiwiko cha 4L, kile cha mwendo wa polepole wenye nguvu, hazimo humu. Zile zina dawa yake nyingine.

Mizunguko: hesabu ambayo wengi hawaifanyi

WRX ya lita 2.0 ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 ina nguvu ya kuzungusha ya karibu nyutonimita (Nm) 290. Vitesi ya kwanza inaizidisha mara 3.45, difu inaizidisha tena mara 3.9. Kwenye ekseli zinafika karibu Nm 3,900, na bwati ile ya vitesi 5 inaimudu nguvu hiyo ikija polepole. Shida ni ile inayokuja kwa nyundo. Injini ikiwa inazunguka huku gari limesimama, ile sahani nzito ya nyuma ya injini, volani ya mota, imebeba nguvu kama jiwe kwenye kombeo. Ukiachia pedali ghafla, nguvu hiyo yote inashuka kwenye meno kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, juu ya ile ya injini yenyewe.

Na hiyo nguvu ya volani haipandi sawa na mizunguko. Kutoka 3,000 hadi 6,000 kwa dakika, mizunguko imekuwa mara 2, lakini nguvu iliyofichwa imekuwa mara 4. Ndiyo maana mtu anaweza kuondoka mara 50 kwa 3,000 na bwati ikatulia, kisha siku moja akajaribu 6,000 mbele ya marafiki na gia ya kwanza ikapoteza jino.

Lubumbashi inaongeza kishawishi. Tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 10. Turbo inachelewa kuamka, gari linaonekana zito mita za kwanza, na dereva anajibu kwa kupandisha mizunguko kabla ya kuachia. Hapo unalipia hewa nyepesi kwa meno ya gia. Ukubali tu kwamba hapa mita 10 za kwanza zitakuwa laini kidogo kuliko zile unazoziona kwenye video za Japani.

Hata kiwandani walilijua hili kwa gharama. Nissan GT-R za mwanzo, zilizoanza kuuzwa Japani Desemba 2007, ziliweza kuondoka zenyewe kwa mizunguko ya karibu 4,500. Baadhi zilivunja bwati, na Nissan ikabadilisha programu ikashusha mizunguko hadi karibu 3,000. Gari halikugeuka goigoi kwa sababu hiyo.

Kabla ya kujaribu, shika uzi

Tairi za okazi zimejaa mjini, na gari nyingi zinatembea na mbili za aina hii na mbili za aina ile. Kwa gari linalovuta mbele si kitu. Kwa hili ni sumu. Tairi ndogo inazunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilomita, na difu ya kati haipati kupumzika hata ukienda moja kwa moja kama mshale. Kwenye bwati za Subaru za vitesi 5, ndani ya difu ya kati kuna chombo chenye mafuta mazito ya silikoni. Chombo hicho kinachemka taratibu, siku baada ya siku, na kikishaharibika kinafunga ekseli mbili kama kwamba zimechomelewa.

Pima hivi. Jaza tairi zote hewa sawa, gari likiwa limepoa. Chukua uzi usiovutika, uzungushe katikati ya uso wa tairi, weka alama, unyooshe juu ya futi ya kupimia. Rudia kwa zote 4. Tofauti kati ya kubwa na ndogo isizidi milimita 6. Ikizidi, hamisha au nunua, lakini usijaribu kuondoka kwa nguvu. Uzi ukikushinda, piga mstari wa chaki kwenye tairi na sakafuni, sukuma gari hadi mstari urudi chini, pima umbali. Jibu ni lile lile, ila linataka watu wawili na sakafu iliyo sawa.

Hewa iwe ile iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango. Wengine huipunguza ili tairi zishike zaidi. Kwa mtu anayetaka bwati yake idumu, huo ni ushauri wa adui: kila unachoongeza kwenye mshiko wa tairi unakitoa kwenye uhai wa gia. Kwa sababu hiyo hiyo, tairi laini za mashindano juu ya bwati ya vitesi 5 ni ndoa mbaya.

Halafu mafuta. Kwenye Subaru, bwati na difu ya mbele vinakunywa mafuta mamoja: lita 3.5 za 75W-90 za daraja GL-5 kwa bwati ya vitesi 5, na lita 0.8 kwa difu ya nyuma. STI, ile WRX kali zaidi ya vitesi 6, inachukua lita 4.1 na lita 1.0. Kwenye Evolution, transfa, kile kisanduku kinachopeleka nguvu nyuma, ina mafuta yake ya peke yake, na ndiyo inayosahauliwa na mafundi wengi: wanafanya vidanji (kumwaga na kubadilisha mafuta) ya bwati, wanafunga boneti, transfa imebaki na mafuta meusi ya miaka 6. Kama unaliondosha gari kwa nguvu mara kwa mara, fanya vidanji ya vyote kila kilomita 20,000 badala ya kungoja.

Tazama kizibo cha kumwagia, kina sumaku. Uji wa kijivu laini kama masizi ni kawaida. Ukikuta vipande vinavyong'aa, vyenye kona, vinavyokwaruza kati ya vidole, kuna jino limeanza kumeguka. Funga, rudi nyumbani polepole.

Ambreyaji nayo ipimwe. Ukiwa kwenye barabara tupu, weka vitesi ya nne kwenye mizunguko 2,000 na ukanyage mafuta yote. Sindano ya mizunguko ikipanda haraka huku mwendo hauongezeki, ambreyaji imekwisha. Ukiondoka nayo hivyo utachoma na volani. Na kama ni mpya, ipe kilomita 500 hadi 800 za mwendo wa mjini wa kusimama na kuondoka kabla ya kuitaka kazi ngumu.

Mwisho, supoti za injini, supoti ya bwati na silambloki za difu ya nyuma, yaani mipira inayovishikilia. Mwambie mtu aweke vitesi ya kwanza na kuigusa ambreyaji huku freni ya mkono imefungwa, wewe ukitazama injini. Ikiruka sentimita 3 au 4, supoti zimekufa. Injini inayoruka inageuka nyundo ya pili juu ya ile ya volani.

Neno moja kuhusu ambreyaji za kauri, zile zenye vibandiko 4 au 6 badala ya duara kamili. Wauzaji wanazisifu kwamba hazitelezi. Ni kweli hazitelezi, na hilo ndilo kosa lake kwenye gari la barabarani: umeondoa fyuzi ukaweka msumari. Kwa bwati ya vitesi 5 chagua duara kamili la nyuzi lenye sahani yenye chemchemi katikati, hata kama fundi wako atakucheka.

Mahali na saa

Barabara ya Kasumbalesa si uwanja, wala ya Likasi. Malori ya shaba hayasimami kwa ajili yako, na yanaacha mazoti (dizeli) yaliyodondoka kwenye mstari wa kulia. Tafuta eneo lililofungwa, kwa ruhusa ya mwenye eneo, lenye mita 200 zilizonyooka na 200 nyingine za kusimamia, bila watoto wala baiskeli za makaa.

Kisha shuka ulitazame kwa miguu. Kinachovunja kardani mara nyingi si lami nzuri wala udongo, ni mchanganyiko wa viwili. Kiangazi, vumbi jekundu linalala pembeni mwa lami, na tairi mbili za kulia zinasimama juu yake huku za kushoto ziko safi. Ukikanyaga, za kulia zinazunguka bure, mwendo wake unapanda, halafu baada ya mita 3 zinakutana na lami kavu na kusimamishwa kwa ghafla. Mshtuko huo unapita wote kwenye kardani na difu. Fagia, au sogea hadi tairi zote 4 ziwe juu ya kitu kimoja.

Udongo uliobanwa sawasawa, wenye changarawe ndogo, ndio shule bora. Tairi zinateleza kidogo zote pamoja na bwati inapona. Lami kavu yenye joto ya saa nane mchana mwezi wa Oktoba ndiyo mtihani mkali kuliko yote. Lami iliyolowa kidogo iko katikati.

Asubuhi za Juni na Julai kipimo kinaweza kushuka chini ya digrii 10. Mafuta ya bwati ni mazito kama asali wakati huo, na sinkro za vitesi ya pili, zile pete zinazolainisha kuingia kwake, zinakataa. Sindano ya maji ya injini ikifika katikati usidanganyike, bwati inachelewa sana kupata joto nyuma yake. Endesha kawaida dakika 15 hadi 20 kwanza, ukibadilisha vitesi mara nyingi.

Kuondoka kwenyewe

Nyoosha magurudumu. Si karibu kunyooka, yanyooke kabisa. Kardani iliyokunjwa inabeba nguvu kwa pembe, na ndipo viungo vyake vinapopasuka. Kama gari ni STI yenye kidude cha kufunga difu ya kati, kiache kwenye otomatiki.

Vitesi ya kwanza, pedali ya ambreyaji chini. Sasa jambo ambalo wenye haraka wanaliruka: kuondoa ulegevu. Kati ya injini na tairi kuna nafasi ndogo ndogo nyingi, kila jino na jirani yake, kila kiungo na kikombe chake. Ukiachia pedali zikiwa wazi, vyuma vinakimbia tupu kisha vinagongana. Ule mlio wa «tok» unaousikia chini ya kiti ndio huo. Kwa hiyo vuta freni ya mkono nusu, pandisha pedali taratibu hadi ambreyaji ianze kushika, na utahisi pua ya gari ikiinuka kidogo na sehemu ya nyuma ikishuka kama mbwa anayejiandaa. Mizunguko itashuka kama 100 hivi. Hapo kila jino limeshaegemea jirani yake. Usikae hapo zaidi ya sekunde moja, ambreyaji inawaka.

Kutoka hapo mambo mawili yanakwenda pamoja. Mguu wa kulia unapandisha mizunguko hadi 3,000, 3,500 ukiwa na uzoefu, huku freni ya mkono ikiachiwa, na mguu wa kushoto unapanda kutoka pale ilipoanza kushika hadi juu kabisa kwa muda wa sekunde moja. Hesabu «elfu moja na moja» kimoyomoyo. Usiruke, usiachie kisigino. Nusu ya kwanza ya safari ya pedali ni ya polepole, nusu ya pili inaweza kuharakishwa kwa sababu gari tayari linatembea na tofauti ya mwendo kati ya injini na bwati ni ndogo.

Sindano ya mizunguko ndiyo itakayokuambia. Itashuka, hiyo ni sawa. Ikibaki juu ya 2,500, turbo iko hai: ongeza mafuta taratibu, na pedali ya ambreyaji ikishafika juu kabisa ndipo ukanyage yote. Ikishuka hadi 1,800 na gari likakohoa, umeachia mapema. Hapa ndipo bwati nyingi zinapokufa: dereva anaona aibu, anakanyaga ambreyaji tena, anapandisha hadi 5,000 na kuachia kwa hasira, gari likiwa katikati ya kukohoa na ulegevu wote umefunguka upya. Likikohoa, liache likohoe. Ondoa mguu, simama, anza upya.

Ukihisi sehemu ya nyuma inadunda, dududu ya haraka, ondoa mguu wa mafuta mara moja. Ni tairi zinazoshika na kuachia mara nyingi kwa sekunde, na kila kudunda ni nyundo moja kwenye difu. Hakuna namna ya kuivumilia ipite.

Kuingia vitesi ya pili, ondoa mafuta kabisa, kanyaga ambreyaji hadi chini, vuta kiwiko kwa mkono mwepesi kisha usubiri kitelezee ndani chenyewe. Wale wanaobadilisha vitesi bila kuondoa mafuta wanaokoa sehemu ndogo ya sekunde na kula sinkro. Kwa gari zetu nyingi za Kijapani zenye usukani wa kulia, unavuta kwa mkono wa kushoto, na mkono huo kwa wengi wetu una nguvu bila adabu. Tumia vidole na kiganja, usishike kiwiko kama mpini wa jembe.

Mara 2, zikizidi 3, kisha dakika 10 za mwendo wa pole bila kusimama, hewa ipite chini ya gari. Harufu ya ambreyaji, ile ya nywele zilizoungua, ikiingia ndani hata mara moja, siku hiyo imekwisha.

Otomatiki na bwati zenye ambreyaji mbili

Caldina GT-FOUR ya 2002 hadi 2007 ni otomatiki tu, na Forester nyingi za turbo zilizopo mjini pia. Hapa kinachoteleza ni mafuta ndani ya kombe lililo kati ya injini na bwati, na yanapata moto haraka kuliko unavyofikiri. Mguu wa kushoto kwenye freni, kiwiko kwenye D, pandisha hadi 2,000 au 2,200, achia freni kabla ya sekunde 2 kupita, ndipo ukanyage. Ukishikilia sekunde 10, mafuta yanaungua na kunuka kama mkate uliosahauliwa motoni. Kamwe usipandishe mizunguko kwenye N kisha uangushe kiwiko kwenye D. Utaona vijana wakifanya hivyo kwa kujionyesha, na gari zao utaziona baadaye zikivutwa kwa kamba.

Golf R na Audi S3 zenye DSG, ile bwati ya ambreyaji mbili, zina programu yake ya kuondoka. Bwati ikiwa na joto, weka S, weka mfumo wa kuzuia kuteleza kwenye Sport, freni chini kwa mguu wa kushoto, kanyaga mafuta yote, mizunguko ikitulia achia freni ndani ya sekunde chache. Kompyuta inafanya kazi ya mguu wako na kuifanya vizuri. Kinachoiua ni mafuta: DSG ya vitesi 6 inataka vidanji kila kilomita 60,000 pamoja na chujio, na kiungo cha Haldex kinachopeleka nguvu nyuma kinataka yake kila miaka 3. Kwenye Haldex za karibuni pampu ina kichujio kidogo cha waya kinachozibwa na unga wa sahani. Fundi akibadilisha mafuta bila kukitoa na kukisafisha, pampu itaungua na utabaki na gari linalovuta mbele tu.

Sauti za kurudi nazo garaji

Siku inayofuata, zima redio na ufungue vioo. Tak-tak-tak ukikata kona kali ni kiungo cha nje cha kardani. Angalia kwanza mpira wake, ukiwa umepasuka mchanga umeshaingia. Tok-tok inayofuata mwendo, kwenye vitesi moja tu, ni jino lililomeguka, usiendeshe hata hadi sokoni, maana kipande kilichoanguka kinaweza kusagwa na gia nyingine. Mlio mrefu kama wa nyuki unaobadilika ukikanyaga na ukiachia unatoka kwenye difu, au transfa kama ni Evolution. «Dum» moja chini ya kiti cha nyuma kila unapoanza mwendo ni silambloki za difu, na hiyo ni nafuu.

Kipimo cha difu ya kati ni cha bure. Uwanjani, usukani umekatwa hadi mwisho, vitesi ya kwanza, bila mafuta, liache gari lizunguke lenyewe. Likizunguka laini, sawa. Likijikaza na kurukaruka kama kwamba freni imeshikwa, chombo cha silikoni kimefunga. Badilisha kabla hakijaivuta bwati nzima, na kabla hujafungua pochi, upitishe tena ule uzi kwenye tairi.